Wakili Aitwapo Atoe Hesabu



Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja linalotufaa sana sisi wasomaji wa Biblia, ingawa mara nyingi hatulitambui. Neno lenyewe ni wakili. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 16, yule msimamizi aliyetapanya mali ya tajiri anaitwa wakili. Mtume Paulo naye, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 4, anajihesabu yeye na wenzake kuwa mawakili, kisha anataja jambo moja tu linalodaiwa kwa mtu wa kazi hiyo, yaani uaminifu. Na yule bwana au bibi tumwonaye mahakamani amevaa joho jeusi na vitambaa vyeupe shingoni, naye pia twamwita wakili. Mataifa mengine yana maneno mbalimbali kwa watu hawa. Sisi tunalo hilo moja, tulilolipata kwa Waarabu, na maana yake ni ile ile pote: mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake.

Basi, tumtazame yule tajiri wa Luka. Wahubiri wetu hupenda kukaa sana na ule werevu wa wakili, jinsi alivyowaita wadeni na kuwapunguzia madeni, na kweli hapo ndipo penye ugumu. Mimi nataka tusimame nyuma kidogo, kwenye aya ya pili. Tajiri aliletewa habari ya kwamba mali yake inatapanywa. Hakumpiga yule mtu. Hakumtangaza sokoni. Wala hakunyamaza akasema Mungu atajua. Alimwita, akamwambia habari alizosikia, akataka hesabu, akamwondoa katika kazi. Ukiwauliza wanasheria wa leo nidhamu ya mawakili huendeshwaje, watakueleza mambo hayo hayo kwa maneno marefu zaidi.

Ni vitu gani tunavyomkabidhi wakili? Kwanza siri zetu, maana hatuwezi kumficha kitu. Pili karatasi zetu: hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, wosia wa marehemu. Tatu fedha zetu, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Sheria imejua udhaifu huu, ikaweka mpaka: fedha ya mteja yapaswa kuwekwa katika akaunti ya wateja, mbali na akaunti ya ofisi ambayo wakili hulipia pango, umeme na karani wake. Ile fedha iko benki kwa jina la ofisi ya wakili, lakini si yake. Aweza kutoa humo ada yake halali, na hata ada hizo zina utaratibu, kwani hapa Tanzania iko Amri ya mwaka 2015 inayozipanga. Zaidi ya hapo yeye ni mlinzi wa ghala tu.

Bwana wetu aliwajua watu wa namna hii. Waandishi wa zamani zake ndio waliokuwa wataalamu wa sheria. Mtu mwenye shauri la ndoa, urithi au deni aliwaendea wao. Katika Marko, sura ya 12, anawaonya watu wajihadhari nao: wanapenda mavazi marefu na viti vya mbele, na huku wanakula nyumba za wajane. Tazameni sasa habari inayofuata pale pale, bila hata kufungua ukurasa. Ni ile ya mjane maskini na senti zake mbili katika sanduku la hazina. Mwinjili ameziweka habari hizi mbili jirani. Sisi tunaipenda sana hii ya pili, hasa siku ya changizo la bati, na ile ya kwanza tunairuka. Lakini mjane aliyebakiwa na senti mbili huenda alikuwa na nyumba.

Niwaeleze habari ya mama mmoja, Mwanglikana mwenzetu, wa mtaa usio wetu. Mume wake alifariki katika ajali ya basi, akamwachia watoto wanne. Jamaa wakampeleka kwa wakili mjini ili adai fidia kwa watu wa bima. Wakili alimpokea kwa heshima, akaandika maelezo yake, akampa karatasi za kutia sahihi. Baada ya hapo kila mama alipokwenda, karani alimjibu, "Mama, shauri lako lingali kwa Msajili. Rudi mwezi ujao." Akarudi mwezi ujao, na mwingine, na mwingine, kila safari nauli ya kwenda na kurudi. Mtoto wa kwanza akaacha shule. Hatimaye kijana mmoja wa ukoo alikwenda mwenyewe hadi ofisi ya bima kuuliza. Wakafungua faili, wakamwonyesha: fidia ilikuwa imelipwa kwa wakili miezi kumi na minne iliyopita.

Mama akaenda kwa wazee wa kanisa lake. Na jibu alilopewa ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Wakamwambia, "Mwanangu, mwachie Mungu. Wewe ni Mkristo. Samehe, usije ukajiletea makubwa."

Wazee wale si watu wabaya. Walisema walivyofundishwa. Lakini nawaombeni tuyapime maneno yao, maana nimeyasikia pia kwetu, na hao wanaokula nyumba za wajane wameyasikia vile vile na wanayategemea.

Walisema asamehe. Ndiyo, Bwana ametuamuru kusamehe, wala hakutuwekea kikomo. Ila katika Luka 17 agizo la kumsamehe ndugu linaanza na kumkemea, na msamaha unafuata akitubu. Zakayo alipotubu hakusema pole peke yake. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Tena kusamehe ni kazi ya aliyekosewa. Mzee wa kanisa ambaye hakupoteza hata shilingi moja hawezi kusamehe kwa niaba ya watoto wanne wa mtu mwingine.

Zaidi ya hayo, kusamehe mtu si sawa na kumwachia funguo za ghala. Jambo hili majaji wa Uingereza walilieleza vizuri sana mwaka 1993 katika shauri la mwanasheria aliyeitwa Bolton. Huyo alikuwa ametoa fedha alizokabidhiwa kabla ya wakati wake. Baraza la nidhamu lilimsimamisha kazi kwa miaka miwili. Mahakama moja ikamwonea huruma, ikageuza adhabu kuwa faini. Ndipo Mahakama ya Rufani, chini ya Sir Thomas Bingham, ikasema baraza lilikuwa sahihi. Sababu yao, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba adhabu ya namna hii haitolewi hasa kwa ajili ya kumwumiza mkosaji. Inatolewa ili mtu yeyote anayeingia ofisi yoyote ya mwanasheria aweze kuweka fedha yake mezani bila kuogopa. Kwa hiyo mkosaji aweza kuwa amejuta kweli kweli, ana mke na watoto, na marafiki wanamshuhudia kuwa ni mtu mwema, na bado ikapasa aiache kazi ile. Naona jambo hilo halipingani na Injili hata kidogo. Yule wakili wa Luka alisifiwa kwa busara yake, walakini hatusomi popote kwamba alirudishiwa kazi.

Wako watakaonijibu kwa 1 Wakorintho 6, ambapo Paulo anawakemea Wakristo wanaoshitakiana mbele ya wasioamini. Sura hiyo isomwe yote. Paulo anasikitika kwamba katika kanisa zima hakupatikana hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua baina ya ndugu. Basi atakayemzuia mjane kwa aya hiyo, na awe ameitimiza kwanza. Kama yule wakili ni mshirika wa kanisa, Padri na wazee wawili wamwite, wamwekee mezani barua ya bima, wamwulize fedha iko wapi. Wakishindwa au wakiogopa, wasimfungie mama mlango mwingine. Paulo mwenyewe, walipotaka kumwonea, alikata rufani kwa Kaisari. Na kule Filipi, alipokuwa amepigwa bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kwa siri; alitaka wakubwa waje wenyewe wamtoe.

Sababu ya tatu haikusemwa, lakini ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, nayo ni hofu. Mtu wa kijijini ataanzaje kumshitaki mtu wa sheria kwa watu wa sheria? Wahenga wetu walicheka wakasema kesi ya ngedere hakimu ni nyani. Nakubali kwamba hofu hii haikuzuka hivi hivi. Lakini tujue kwanza hao watakaosikiliza ni akina nani.

Hapa Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Sheria hiyo imeunda Kamati ya Mawakili, na anayeketi kuiongoza ni Jaji wa Mahakama Kuu. Humo yumo pia mtu wa upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wakili aliyetolewa na Chama cha Wanasheria Tanganyika, chama kilichoanzishwa kwa sheria tangu mwaka 1954. Zipo na Kanuni za mwenendo na adabu ya mawakili za mwaka 2018, zinazoeleza wakili apaswavyo kufanya kwa mteja wake, kwa mahakama, na kwa wakili mwenzake. Mtu yeyote aliyekosewa aweza kupeleka malalamiko yake. Wakili hupewa nakala, hujibu, pande zote mbili husikilizwa na vielelezo hutazamwa. Akionekana amekosa, Kamati yaweza kumwonya, au kumsimamisha kazi kwa muda, au kuliondoa jina lake katika Daftari la Mawakili. Asiporidhika, Mahakama Kuu ipo kwa rufaa.

Wenzetu wa Kenya, ambako wengi wetu sisi wa Tanga tuna ndugu, wana Tume inayopokea malalamiko juu ya mawakili na Baraza la Nidhamu linaloyaamua. Baraza hilo lina wajumbe wasio mawakili, na laweza hata kuamuru mteja alipwe fidia isiyozidi shilingi milioni 5 za Kenya.

Wala tusidhani kwamba mabaraza haya huwashika wadogo tu. Richard Nixon alikuwa Rais wa Marekani, na kabla ya hapo alikuwa mwanasheria. Mwaka 1976, miaka miwili baada ya kujiuzulu urais, mahakama ya New York iliondoa jina lake katika orodha ya mawakili wa jimbo lile kwa ajili ya mambo ya Watergate.

Sisi tuliosomea ualimu tuliambiwa chuoni kwamba daftari lisilosahihishwa humfundisha mtoto kosa lake. Ndivyo ilivyo kwa wakili huyu. Mjane wa kwanza alipomwachia Mungu, akajifunza. Wa pili alipoogopa, akajifunza zaidi. Wakati wa tatu alipofika mlangoni, yule bwana alikuwa amekwisha kuwa mwizi mzoefu mwenye sauti ya upole.

Sasa niseme na upande wa pili, maana amri ya tisa inatubana sisi vile vile. Si kila anayeshindwa kesi ameonewa na wakili wake. Katika kila shauri lenye pande mbili mmoja atashindwa, na mara nyingi anayeshindwa alistahili. Shauri kukaa muda mrefu si lazima iwe hila ya wakili. Hakimu amehamishwa, shahidi amesafiri, faili limechelewa. Na wako wateja, nasikitika kusema, ambao humficha wakili habari mbaya na kumtaka aseme uongo mahakamani, na akikataa wanamwita msaliti. Huyo aliyekataa kudanganya mahakama ndiye aliyetenda haki. Hatia tunazozungumza hapa ni za namna nyingine: kula fedha ya mteja, kuacha kutokea mahakamani hadi shauri linafutwa, kutetea pande mbili za ugomvi mmoja, kughushi sahihi, kutoa siri, kufanya kazi bila leseni ya mwaka.

Nikodemo alipowaona wenzake katika baraza wakitaka kumhukumu Bwana Yesu, aliwauliza kama sheria yao inaruhusu kumhukumu mtu kabla hajasikilizwa. Mnaikuta habari hiyo katika Yohana, sura ya 7. Swali lile ndilo nguzo ya baraza lolote la nidhamu, na linapodharauliwa, baraza lenyewe hugeuka kuwa silaha. Hata baraza lililofuata utaratibu wake laweza kumtoa mtu ambaye historia itamheshimu kuliko wao. Mohandas Gandhi aliondolewa na chama chake cha mawakili cha London, Inner Temple, mwaka 1922, kwa kuwa serikali ya Kiingereza huko India ilikuwa imemfunga kwa kosa la uchochezi. Walimrudisha mwaka 1988, miaka arobaini baada ya kifo chake. Kwa hiyo tusifurahie kuona jina la mtu linafutwa. Ni miaka mingi ya masomo na jasho la wazazi inayofutwa pamoja nalo. Na lifutwe kwa ushahidi tu.

Njia ya kufuata, Bwana wetu alikwisha kutuonyesha katika Mathayo 18: wewe na yeye peke yenu kwanza, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya wengi. Mwandikie wakili barua ya adabu, uulize hesabu, uweke nakala. Huenda kuna maelezo. Asipojibu, nenda na watu wawili wenye akili timamu. Ikishindikana, ndipo uandike malalamiko. Yaandike kwa tarehe, siyo kwa hasira: siku fulani nilimpa kiasi fulani, risiti hii hapa, siku fulani aliniambia hivi. Usiandike kwamba ni fisadi na mchawi. Kurasa mbili zenye tarehe zina nguvu kuliko kumi zenye laana.

Tena ieleweke ya kwamba milango hii ni mbalimbali. Kamati hushughulika na uwakili wake. Kudai fedha ni shauri la madai katika mahakama ya kawaida. Na wizi ni jinai. Huo hupelekwa polisi. Mtu aweza kugonga zaidi ya mlango mmoja, na asivunjike moyo akiambiwa hapa sipo.

Kinga ni bora, kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu jambo lako, hakikisha kwanza kwamba ni wakili kweli. Siku hizi wako vishoka wengi, wanaovaa suti, wanabeba faili, wanasimama nje ya mahakama, na hawana leseni yoyote. Mahakama ya Tanzania imeweka mfumo katika intaneti uitwao e-Wakili, ambamo jina la wakili na hali ya leseni yake vinaonekana. Mjukuu mwenye simu atakutazamia kwa dakika moja. Mapatano ya ada yawe ya maandishi. Kila senti iwe na risiti. Usitie sahihi karatasi tupu, hata mwenye kukuomba awe ni msimamizi wako wa ubatizo. Asiye na uwezo wa kulipa ajue kwamba tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na huduma yao haina malipo.

Nisingependa mtu asome haya akaanza kuwachukia mawakili. Katika barua kwa Tito, sura ya 3, Paulo anamtaja mwanasheria aitwaye Zena, na anamwagiza Tito amsaidie katika safari yake asipungukiwe na kitu. Sijui wangapi kati yetu tumewahi kumsikia Zena akitajwa kanisani. Tunao akina Zena hapa kwetu: wanaochukua mashauri ya yatima bila ada, wanaokaa hadi usiku wakisoma mafaili, wanaotoa hesabu ya mteja kabla hawajaulizwa. Hao ndio wanaoumizwa zaidi na mwenzao mmoja mwizi, kwa sababu mjane wa kesho atawaogopa wote. Tuwaombee kwa majina yao Jumapili, kama tunavyowaombea madaktari.

Yule mama aliandika barua yake mwishoni, akisaidiwa na kina mama wawili wa kanisani kwake, na mmoja wa wale wazee alikuja baadaye akajitolea kuwa shahidi. Wakili hajajibu. Malalamiko yamekwisha pelekwa.

Hapa kwetu, mwenye jambo la namna hii ambaye kuandika kunamshinda, aje vestri siku ya Jumatano baada ya Sala ya Jioni. Nitakuwapo na karatasi. Aje na risiti zake, na kama hana risiti, aje na mtu aliyekuwapo fedha ilipotolewa.